Mikono isikufe ganzi: namna ya kukaa vizuri juu ya baiskeli

Mazungumzo kwa wanachama, mkutano wa mwezi, Baraka

Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla ya hesabu za mfuko. Najua wengi mnangojea hesabu, kwa hiyo sitakawia. Lakini mtaona mwishoni kwamba na hii nayo ni habari ya mfuko.

Kwa nini nasema juu ya mikono

Katika mikopo ya chama chetu, baiskeli imechukua nafasi kubwa. Tuliporudi kutoka Nyarugusu na Lugufu, wengi walikuta shamba liko mbali, shule iko mbali, soko liko mbali, na nauli ya moto ikilipwa kila siku inamaliza faida yote. Basi tukakopa kinga. Leo mwalimu anaiendea kazini, mama wa dagaa anaiendea soko, fundi cherehani anaiendea mjini, reko wa afya anazungukia vijiji, na sisi watumishi wa mashirika tunaiendea kazi ya vijijini.

Sasa, katika kutembelea nyumba za wanachama nimesikia neno moja mara nyingi. Mmoja anasema, "Mukono inalala." Mwingine anasema vidole vinakufa ganzi akifika, anangoja robo saa ndipo ashike chaki. Mama mmoja mshonaji aliniambia hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano asubuhi, mpaka amwite mtoto. Wengine wameegemeza baiskeli ukutani, wamerudi kwa miguu, na deni la baiskeli bado wanalipa. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Ni barabara," au "Ni uzee," au "Tutavumilia tu."

Barabara yetu ni mbaya, hakuna anayebisha. Lakini watu wawili wanapita barabara moja, mmoja anafika mzima, mwingine anafika mikono imekufa ganzi. Ukiwaangalia vizuri utaona tofauti iko katika namna walivyokaa. Mkono unalia juu ya mzigo ambao si wa kwake. Uzito wa mwili ulipaswa kukaa makalioni na miguuni, umehamia kwenye viganja.

Na kuna jambo lingine. Tulizoea kupokea kitu kama kilivyo. Kambini kiatu kikija kikubwa unatia kitambaa ndani, unakwenda. Baiskeli tumeipokea vile vile: ilivyotoka kwa muuzaji ndivyo tunavyoipanda, mrefu na mfupi, mwanaume na mwanamke. Kumbe baiskeli ina nati kwenye kiti na kwenye usukani, nazo zimetiwa hapo ili kila mtu aipime kwa mwili wake. Nyingi hazijawahi kufunguliwa tangu siku ya kwanza.

Kidole gani kinakufa ganzi?

Kila mtu afungue kiganja chake akiangalie. Kuna mishipa miwili ya fahamu inayotuhusu leo. Wa kwanza unapita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba kama bomba. Huo unahudumia kidole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Wa pili unapita upande wa kidole kidogo, chini ya ile nyama ya mwisho wa kiganja. Huo unahudumia kidole kidogo na nusu nyingine ya kidole cha pete.

Ukiegemea usukani kwa ile nyama ya mwisho wa kiganja, mshipa wa pili unabanwa kati ya chuma na mfupa. Kidole kidogo kinaanza kuwasha, kisha kinakufa ganzi. Ukiendesha huku kifundo kimekunjwa kwenda juu au chini, ile njia nyembamba inabana, na ganzi inakuja gumba, shahada na cha kati. Kwa hiyo mtu akiniambia mkono unalala, swali langu la kwanza ni kidole gani. Jibu lake linanionyesha pa kuanzia kutengeneza.

Mshipa uliobanwa kidogo unapona wenyewe ukiachiwa. Ukibanwa kila siku, asubuhi na jioni, miezi, unachoka. Mwanzoni ni kuwasha tu, baadaye nguvu zinapungua, kikombe kinaanguka, kifungo hakifungiki. Na fikirini mteremko wa kutoka Fizi kuja huku Baraka. Mkono usiosikia vizuri hauwezi kupima breki. Hapo si maumivu tena, ni ajali.

Tuanze na kiti

Watu wengi wakisikia mikono inauma wanaangalia usukani. Tuanze na kiti, kwa sababu kiti ndicho kinachousukuma mwili mbele.

Jambo la kwanza ni mlalo wa kiti. Wanaume wengi wanainamisha pua ya kiti chini ili isiwabane mapajani. Unapata nafuu mbele, lakini mwili wote unateleza, na mikono inafanya kazi ya kuuzuia safari nzima. Kiti kilale sawa. Kama huna chombo cha fundi mwashi, chukua ubao mdogo ulionyooka, uweke juu ya kiti kutoka nyuma hadi mbele, juu yake laza chupa yenye maji nusu. Maji yatakuonyesha upande ulioinama. Baiskeli yenyewe iwe imesimama mahali tambarare. Ikiwa kiti cha ngozi kimebonyea katikati kama machela, kikaze kwa ile nati iliyo chini ya pua yake. Kikikataa, kibadilishwe.

Jambo la pili ni urefu. Mwenzako aishike baiskeli, ukae juu yake, uweke kisigino cha mguu kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila makalio kuinamia upande. Ukirudisha pedali kwenye sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti kikiwa juu mno unayumba na kuteleza mbele. Kikiwa chini mno miguu haibebi kitu, unakaa kama gunia, na magoti yanauma. Anayebeba mzigo mzito au anayepita katikati ya watu sokoni anaweza kukishusha kidogo ili mguu ufike chini haraka. Hilo halina ubaya.

Jambo la tatu ni mbele na nyuma. Weka pedali mbili usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma. Chukua uzi wenye jiwe, kama timazi ya mwashi, uushikie mbele ya goti la mguu ulio mbele. Uzi uangukie karibu na katikati ya pedali. Ukiangukia mbele sana, kiti kirudishwe nyuma kidogo. Watu hushangaa, wanasema kiti kikienda nyuma nitainama zaidi. Lakini mwili ukikaa nyuma unajisawazisha wenyewe juu ya miguu, kama mtu anayechuchumaa. Ukikaa mbele mno, kitu pekee kinachokuzuia usianguke ni mikono.

Kuna kipimo cha kumaliza. Mwenzako bado ameshika baiskeli, wewe umekaa kama unaendesha. Inua viganja kidogo tu juu ya usukani. Ukiweza kubaki hapo kwa pumzi mbili, kiti kiko vizuri. Ukiangukia mbele mara moja, rudi kwenye jambo la kwanza.

Usukani

Kwa safari ya kila siku, usukani uwe sawa na kiti au juu yake kwa vidole viwili au vitatu. Zile baiskeli nzito za kizamani, zenye usukani uliopinda kurudi kwa mwendeshaji, zinamkalisha mtu wima, na shida yake mara nyingi ni kiti na kushika kwa nguvu. Lakini hizi za kisasa zenye usukani ulionyooka kama fimbo, nyingi zimetengenezwa kwa mtu mrefu anayetaka kuinama. Mama mfupi akiipanda, mikono inanyooka kabisa, mabega yanapanda masikioni. Kwa huyo, inua usukani kwanza.

Kwenye baiskeli nyingi unalegeza nati ya juu ya shingo ya usukani mizunguko michache, unaigonga taratibu kwa kipande cha mbao, shingo inaachia, unainua. Angalia alama iliyochorwa kwenye chuma: usivuke hapo. Kama alama imefutika, hakikisha chuma kilichobaki ndani hakipungui vidole vinne vilivyolazwa pamoja. Usukani uking'oka njiani, hakuna mkono utakaokusaidia.

Wenye breki za vyuma, zile zisizo na waya, sikieni vizuri. Ukiinua usukani unavuta na kile chuma cha breki ya mbele, na breki inaweza kukamata gurudumu au isifanye kazi sawa. Hiyo kazi mpelekeeni fundi, aipime upya breki kabla hamjapanda.

Halafu angalieni mkono wenyewe. Kutoka kwenye kiwiko, kupita kwenye kifundo, mpaka kwenye vifundo vya vidole, uwe mstari mmoja, kama unavyompa mgeni mkono. Kama kifundo kimekunjwa, zungusha usukani kidogo kwenye shingo yake. Kama kinakunjwa wakati wa kushika breki tu, basi zungusha mikono ya breki ifuate mstari wa mkono wako.

Mipira ya kushikia nayo ikazwe au ibadilishwe. Ikiwa imekauka na kuwa migumu kama chuma, chukua tyubu ya zamani, ikate ukanda mrefu, uzungushie juu ya kitambaa. Usifanye nene mpaka vidole visikutane vizuri, kwa sababu kitu kinene kinataka nguvu nyingi kukishika. Na mwisho wa chuma usiachwe wazi. Ukianguka unaweza kukuchoma tumboni, hasa watoto.

Breki, matairi na mzigo

Breki ngumu inachosha mkono kuliko barabara. Waya ukiwa umeshika kutu ndani, kila mara unapofunga breki unakaza ngumi. Tia tone la mafuta ya mashine ndani ya ganda la waya. Wala usitie mafuta kwenye mipira ya breki au kwenye rimu, hapo ni kutafuta kifo. Breki iwe karibu, vidole viwili viifikie bila kiganja kuhama.

Tairi nalo watu wanalijaza mpaka linalia kama ngoma, wakisema linakwenda mbio. Kwenye lami ni kweli. Kwenye mawe na mashimo yetu kila jiwe linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiganja. Tairi la mbele, ukilibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu, likubali kidogo. La nyuma lenye mzigo liwe gumu zaidi. Lisiwe laini mpaka rimu igonge jiwe, maana tyubu itatoboka na rimu itapinda.

Kisha shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga, tak, tak, gololi za usukani zimelegea. Hizo zinatikisa mikono usiku na mchana. Fundi azikaze.

Mzigo. Bidoni la maji la litri 20 ni kilo 20, na la mawese halipungui sana kwa hilo. Kitu kama hicho kikining'inizwa kwenye usukani, unapigana nacho njia nzima, unakaza ngumi bila kujua. Hata mfuko wa vitabu au kibegi cha kazi kisikae hapo. Vyote viende kwenye karia ya nyuma, vifungwe chini na katikati, na vikiwa viwili viwe na uzito sawa huku na huku. Mzigo mzito ukizidi, usukani wa mbele unakuwa mwepesi na unacheza. Hapo shuka, usukume.

Ukiwa njiani

Shika usukani kama unavyoshika kifaranga: asiponyoke, asife. Wengi wetu tunashika kwa hofu, hasa tukisikia lori nyuma. Jizoeze, kila ukipita mti mkubwa au kanisa, jiulize: mabega yako wapi? Yashushe. Viwiko vimekunjwa kidogo? Kiwiko kilichonyooka kinapeleka kila shimo kwenye kifundo na kwenye shingo. Kilichokunjwa kinameza.

Ukiona mashimo mbele, simamia pedali, makalio yainuke kidogo kwenye kiti, magoti na viwiko vilegee. Miguu ni minene, acha ifanye kazi. Na mahali pabaya kabisa, mita mia moja za mawe, shuka utembee. Hakuna aibu. Dakika utakazopoteza hapo hazilingani na siku mbili za mkono usioshika jembe.

Badilisha mahali pa kushika mara kwa mara. Kila baada ya nusu saa simama kidogo, uning'inize mikono, ukunjue na ukunje vidole mara kumi, uzungushe mabega. Ganzi ikianza njiani, hiyo ni ishara ya kusimama sasa, si ya kungoja kufika.

Mama zetu, neno moja kwenu. Mkono wenu hauanzi kazi kwenye baiskeli. Umetoka kwenye jembe, umetwanga sombe, umekamua nguo. Ule ugonjwa wa mshipa wa katikati huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mimba huuongeza kwa sababu mwili unavimba. Mama mwenye mimba anayeamka usiku akikung'uta mikono asiambiwe anajidekeza.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Ukitengeneza kiti na usukani, ganzi ya kawaida inapungua katika siku chache au majuma machache. Lakini kuna alama ambazo hazingoji fundi wa baiskeli. Ganzi isiyoondoka hata siku ambazo hukupanda. Maumivu yanayokuamsha usiku kila mara. Vitu vinavyoanguka mkononi. Nyama ya chini ya gumba, au ile iliyo kati ya gumba na shahada, inayobonyea. Hapo nenda kituo cha afya, ueleze ni vidole gani na tangu lini.

Ukianguka na kuegemea kiganja, kisha panauma kwenye kile kishimo kilicho chini ya gumba, usimpe mtu auvute wala kuukanda. Hapo kuna mfupa mdogo ambao huvunjika, na mara nyingine picha ya kwanza haiuonyeshi. Ukiwekwa ovyo hauungi vizuri.

Ganzi ya mikono pamoja na nyayo, na kiu nyingi, na kukojoa kila saa, inaweza kuwa sukari. Na ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia ukiligusa, pamoja na kidole kidogo kinachopinda au kukosa nguvu, usilifiche. Ukoma bado upo katika nchi yetu, unaushika huo huo mshipa wa upande wa kidole kidogo. Unapona, na dawa zake hutolewa bure. Anayewahi anabaki na vidole vyake.

Vidonge vya diclofenac vya sokoni vinatuliza maumivu, lakini haviondoi uzito kwenye kiganja. Mtu anameza asubuhi, anapanda vile vile, anabana mshipa ule ule bila kusikia. Na vikiliwa kila siku vinaumiza tumbo. Mama mwenye mimba asivimeze bila kuuliza.

Ninachoomba chama

Sasa nimefika kwenye mfuko. Naomba mambo matatu, mkutano uamue.

Kwanza, chama kinunue spana chache zikae kwa mtunza vitu: namba 13, 14 na 15, ufunguo wa pembe sita, na pampu. Sehemu kubwa ya niliyoyasema leo inafanyika kwa hizo. Mtu asikose kushusha kiti kwa sababu hana spana.

Pili, baiskeli ya mkopo isitoke mikononi mwa chama kabla ya kupimwa kwa yule atakayeipanda. Ni kazi ya nusu saa. Tunahesabu pesa mbele ya mkopaji, tunaweka sahihi. Basi na kiti nacho kipimwe mbele yake.

Tatu, wale walioegemeza baiskeli zao ukutani waandikwe. Wasiitwe wavivu wa kulipa. Tuwatembelee wawili wawili, na spana mkononi, tuone kwanza kama ile baiskeli iliwahi kuwa ya kipimo chao.

Najua sisi ni watu wa kuvumilia. Bila hiyo tusingevuka ziwa kwenda wala kurudi. Lakini mshipa uliobanwa hauponi kwa kuvumiliwa, unapona kwa kuachiwa. Yule mama mshonaji tulimrudishia kiti nyuma, tukamwinulia usukani, tukamwomba aende na kurudi kwa miguu majuma mawili kabla ya kupanda tena. Bado anasema vidole viwili vinawasha jioni, na nimemwambia aende kituo cha afya. Lakini uzi anautunga mwenyewe.

Hesabu zikiisha, nitakuwa nje chini ya mwembe na spana zangu. Mwenye baiskeli aje nayo, na aje na mwenzake wa kuishika.